Jinsi ya kukaa vizuri katika hoteli ndogo ya makuti pwani ya Zanzibar

Anayekusudia kulala siku chache katika hoteli ndogo ya makuti, iwe Jambiani, Makunduchi au kaskazini mwa Pemba karibu na msitu wa Ngezi, na aulize habari za maji kabla ya kuuliza bei. Nakusudia maji ya namna mbili: ya bahari, yanayojaa na kupwa, na ya tangini, yanayokwisha. Mgeni aliyeyafahamu hayo mawili hufurahia banda lisilo na kiyoyozi wala bomba la maji moto, na asiyeyafahamu hulalamika hata akipewa chumba kizuri kuliko vyote.

Tuanze na bahari. Pwani ya mashariki ya Unguja ina maji mafupi, na yanapokupwa huondoka mbali hadi kwenye mwamba unaovunja mawimbi, yakiacha mchanga, majani ya baharini na vidimbwi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4. Siku hizo maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, kwa hiyo mgeni anayeamka saa nne asubuhi akitaka kuogelea atakuta bahari imekwenda zake. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, hata baada ya wiki moja yakaingia maji mafu, ambayo hujaa asubuhi lakini kwa kiasi. Basi, mwenye hamu ya kuogelea asubuhi na achague siku za maji mafu, na mwenye hamu ya kutembea juu ya mwamba achague bamvua. Kalenda yenye tarehe za mwezi inatosha kukuongoza wakati wa kuweka nafasi.

Ukitoka kwenda mwambani, vaa viatu vya mpira vyenye soli ngumu, usikanyage matumbawe yaliyo hai, na usiguse vijiti na kamba za mwani. Kilimo hicho kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wengi wa wanaokifanya ni wanawake ambao kila kamba ni jasho lao. Wao pia ndio saa yako: wakianza kujitwisha magunia na kuelekea pwani, nawe geuka papo hapo, kwa sababu maji yanaporudi hupitia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, na njia uliyoijia ikiwa kavu huweza kuwa ya kiunoni.

Maji ya kuoga yanataka uangalifu zaidi, kwani ardhi ya mawe ya matumbawe haihifadhi mito wala maziwa. Maji matamu hukaa chini kama tabaka jembamba juu ya maji ya bahari, na kisima kikivutwa kupita kiasi chumvi hupanda. Mwaka mmoja, mwanzoni mwa Machi, mwisho wa Kaskazi, mimi na mke wangu tulifikia banda moja la kusini ambalo tangi lake lilikauka siku ya tatu, na tukasubiri gari la maji hadi magharibi tukiwa na chumvi mwilini. Tangu hapo huuliza waziwazi: maji yanatoka wapi, na yakikauka mnafanyaje? Ndoo moja ya lita 20 huwatosha watu wawili wakiogea kata. Jimwagie kata mbili kuanzia kichwani ili chumvi itoke, jipake sabuni bila kumwaga maji, kisha jisuuze polepole kutoka mabegani kushuka chini. Mchanga wa miguuni uoshe nje, katika beseni lililowekwa mlangoni.

Kisiwa cha Chumbe, ambacho bahari yake ilitangazwa hifadhi mwaka 1994, kinaonesha jambo hili linavyoweza kufanywa vizuri: mapaa ya mabanda yake hukinga maji ya mvua, umeme hutoka kwenye jua, na vyoo havitumii maji. Ukikutana na choo cha aina hiyo popote, fuata maelekezo ya mwenyeji, na usitupe ndani yake chochote cha plastiki.

Kuhusu mengine: chaji simu mchana, na chandarua kichomeke chini ya godoro kabla jua halijazama. Chakula agiza asubuhi, maana pweza na samaki wa siku hununuliwa kwa wavuvi, na wali wa nazi hauanzi kupikwa mgeni akishakaa mezani. Ukiwa raia au mkaazi, uliza bei ya raia na wakaazi, kwani mara nyingi ipo ila haikuandikwa.

Kijijini piga hodi, salimia wazee kwa shikamoo, na ufunike mabega na magoti. Kanga moja mkobani inatosha kwa ufukweni na kwa njiani. Mwezi wa Ramadhani usile wala usinywe hadharani mchana.

Siku ya kuondoka, betri zilizokwisha, chupa na makopo uliyokuja nayo rudi nayo mjini, kwa kuwa kijijini taka hizo huishia shimoni nyuma ya mabanda, na mvua za Masika huzishusha baharini.