Mlima Hanang: maji yabebe kuanzia Katesh
Kwa watu wa Dodoma mnaopanga kupanda Hanang: laleni Katesh, mji ulio chini ya mlima. Kutoka Dodoma alfajiri mkapande siku hiyohiyo ni kujitesa bure. Ile ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), kwa hiyo malipo na mwongozaji mmalizane navyo jioni ya kuamkia safari.

Anzeni kabla jua halijachomoza. Njia ya Jorodom inapandika na kushukika kwa siku moja, ila maji hakuna. Lita nne kwa kila mtu si nyingi, na soda haihesabiki. Kinachovunja wengi moyo ni lile bega la mlima. Unafika pale unahema, unadhani umemaliza, kumbe kilele cha mita 3,420 bado kiko mbele, na ukingo wa kukifikia ni mwembamba, wa kupanda na kushuka. Ukungu ukishatanda, geukeni hapohapo.

Miezi ya mvua msiende. Maporomoko ya tope ya Desemba 2023 yalitokea mlima huuhuu. Juni hadi Oktoba ni salama zaidi, vumbi tu. Wakati wa kushuka kaza kamba za viatu, la sivyo kucha za vidole gumba utaziaga.