Jinsi ya kuhakiki sensa za uvujaji wa gesi kwenye vyumba vya baridi

Taa ya kijani kwenye sensa ya uvujaji inasema umeme upo na saketi ni nzima. Haisemi kwamba amonia, gesi ya kupozea, ikifika ppm 25 hewani (sehemu 25 katika milioni), sensa nayo itaandika 25. Inaweza kuandika 12, paneli ya king'ora ikabaki imetulia huku wafanyakazi wanakohoa. Njia ya kujua ni moja: ipulizie gesi ambayo kiwango chake unakijua, pale pale ilipofungwa, kisha usome inachoandika.

Tambua kwanza una sensa ya aina gani. Kwenye viwanda vya samaki na barafu, amonia mara nyingi hupimwa kwa sensa ya elektrokemikali. Ndani yake kuna kimiminika na elektrodi, na gesi ikiingia hutokea mkondo mdogo wa umeme. Kimiminika hicho hukauka taratibu, na kila uvujaji mkubwa huichosha sensa zaidi, ndiyo maana hudumu miaka 2 hadi 3 tu. Kwa gesi nyingine za kupozea kama R404A, R134a au R32, iliyo bora ni ya infraredi, inayopima mwanga unaofyonzwa na gesi. Hii huishi muda mrefu zaidi, ila umande na vumbi huidanganya. Ya tatu ni ya semikonda: bei nafuu, lakini haichagui. Pombe, dawa za kusafishia, rangi mbichi, hata ethilini inayotoka kwenye matunda huivuruga. Itumie kama mlinzi wa kupiga kelele, usiiamini kwa namba.

Angalia pia imefungwa wapi. Amonia ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo sensa yake hukaa juu. R404A, R134a, R32, propani na kabonidayoksaidi ni nzito, zinatafutwa chini, kama sentimita 30 kutoka sakafuni. Iliyofungwa mahali pasipofaa haiponi kwa kurekebishwa.

Vifaa si vingi, lakini kila kimoja kina masharti yake. Mtungi wa gesi ya kipimo uwe na cheti, na kiwango chake kiwe karibu nusu ya uwezo wa sensa: kwa sensa ya ppm 0 hadi 100, chukua mtungi wa ppm 50. Gesi iwe ile ile unayoilinda. R134a kwenye sensa ya R404A itakupa namba isiyo na maana, isipokuwa mtengenezaji ametoa kigezo cha kubadilishia. Soma tarehe ya mwisho ya mtungi. Amonia ya kiwango kidogo hunata kwenye kuta za mtungi na kupungua. Ukitumia mtungi uliochakaa, utaipandisha sensa isiyo na kosa, king'ora kitalia ovyo, na watu watazoea kukipuuza.

Regyuleta, kifaa cha kudhibiti gesi itokayo mtungini, iwe ya mtiririko usiobadilika, lita 0.5 kwa dakika kama kitabu cha sensa hakisemi vingine, na kwa amonia iwe ya chuma kisichoshika kutu kwa sababu amonia huila shaba. Mpira wa kupitishia gesi uwe wa Tefloni, usiozidi mita moja. Mipira ya silikoni hufyonza amonia ukabaki unashangaa gesi imekwenda wapi. Ongeza kofia ya kipimo inayolingana na modeli ya sensa, mtungi wa hewa safi, na multimita.

Kabla ya kufungua chochote, mjulishe msimamizi wa zamu na uiweke paneli kwenye hali ya majaribio, ili kompresa zisizimike kwa gesi yako. Sensa iwe imeshapata umeme kwa muda wa kutosha: infraredi saa moja, semikonda angalau saa 24. Palipo na mgawo wa umeme, sensa za semikonda ziwekwe kwenye betri ya akiba, la sivyo kila umeme ukirudi zitalia au kusoma upuuzi kwa saa kadhaa.

Anza na sifuri. Vika kofia, fungulia hewa safi kutoka mtungini, subiri dakika 2 au 3, kisha weka sifuri. Usitumie hewa ya chumba cha mashine. Ikiwa humo kuna ppm 8 za amonia zinazoelea, umeifundisha sensa kwamba 8 ni sifuri, na siku ya ppm 25 itaandika 17.

Badilisha mtungi, weka gesi ya kipimo. Hapa mafundi wengi huharakisha. Amonia hushika kwanza kwenye kuta za mpira na kofia, hivyo subiri dakika 3 hadi 5, hadi namba isibadilike kwa zaidi ya ppm 1 ndani ya dakika nzima. Andika namba hiyo daftarini kabla ya kugusa marekebisho, maana ndiyo inayokuonyesha sensa inavyozeeka. Kwa mtungi wa ppm 50, ikisoma kati ya 45 na 55 iache. Ikiwa nje ya hapo, rekebisha. Ikifika 35, agiza nyingine. Ikiwa 25, itoe. Kuipandisha hadi 50 ni kuficha ugonjwa. Tazama pia kasi: inayofika 50 baada ya dakika nyingi ina kichujio kilichoziba au imechoka, na marekebisho hayaiongezei kasi.

Sasa fuata waya hadi paneli. Kwa sensa inayotuma paneli mkondo wa miliampea 4 hadi 20, ppm 0 ni 4, ppm 50 kati ya 100 ni 12, na ppm 25 ni 8. Kosa la mara kwa mara hutokea baada ya kubadilisha sensa: iliyowekwa ni ya 0 hadi 1,000, paneli ikabaki kwenye 0 hadi 100. Amonia ya ppm 25 hapo hutoa miliampea 4.4, na paneli huonyesha 2.5. Sensa ni nzima, paneli ni nzima, na hakuna anayelindwa. Acha gesi ifikishe king'ora, uhakikishe kengele na feni vinaitika. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaweka kikomo cha amonia cha ppm 25 kwa siku ya kazi na 35 kwa dakika 15 tu, kwa hiyo king'ora cha kuwalinda watu kisipangwe juu kuliko hapo.

Kwa infraredi kuna jambo linalosahaulika: mwinuko. Nairobi iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni karibu asilimia 82 ya lile la Mombasa. Sensa hii huhesabu molekuli zilizo kwenye njia ya mwanga, na Nairobi ni chache zaidi. Isiyo na fidia ya shinikizo, iliyorekebishwa usawa wa bahari, itasoma ppm 500 za R404A kama 410 hivi. Cheti cha kiwandani hakisaidii kwenye chumba cha maua au parachichi huko. Irekebishe mahali inapofanyia kazi. Vivyo hivyo kwa chumba cha nyuzi 25 chini ya sifuri: ipime ikiwa kwenye baridi hiyo, si mezani.

Usijaribu sensa kwa kibiriti cha gesi wala mpira wa kujazia friji gesi. Dozi hiyo ni kubwa kupita kiasi, huichosha, na haithibitishi namba yoyote. Zifunike wakati wa kuosha kwa maji ya kasi, na kumbuka kuzifunua. Silikoni ya kuzibia nyufa isitumike karibu na sensa za semikonda, kwani mvuke wake huziua kabisa.

Kwa kawaida elektrokemikali hupimwa kila miezi 6 na infraredi kila mwaka, na zote mara tu baada ya uvujaji mkubwa. Usinunue akiba nyingi za elektrokemikali, huzeeka hata ndani ya boksi. Zihifadhi mahali pa ubaridi usiogandisha, na siku ya kufunga uondoe kipande cha waya kinachounganisha miguu yake, kisha uiache na umeme saa kadhaa kabla ya kuiwekea gesi.