Kufufua CNC ya zamani kwa kompyuta: usianze kwa kung'oa kila kitu

Milingi za CNC (mashine za kuchonga chuma zinazoongozwa kwa kompyuta) za miaka ya 80 na 90, kinachokufa mara nyingi ni kontrola, yaani ubongo wake wa umeme, mashine yenyewe bado ni nzito na imara kuliko nyingi za siku hizi. Kwa hiyo ukiikuta imekaa kona usiihukumu kwa skrini yake nyeusi. Hukumu chuma kwanza: bandika saa ya kupimia (dial indicator) kwenye meza, isukume meza huku halafu ivute kule, soma mlegeo, yaani inavyocheza. Kama skrubu zinazosukuma meza zimelika sana shughulikia hizo kwanza maana programu inaweza kufidia mlegeo kidogo tu, haiwezi kuushika mzigo unaocheza.

Halafu piga picha kabati lote na uweke lebo kila waya kabla hujagusa chochote. Zima umeme, subiri, pima kwa mita kwenye kapasita kubwa za draiva (vifaa vinavyozipa mota umeme), zinabaki na chaji hata umeme ukiwa umezimwa.

Sasa swali kubwa, draiva na mota za zamani tunabakisha? Mimi nasema zibaki kama ni nzima, na wengi wanatupa pesa hapa kwa kununua mota mpya bila sababu. Draiva nyingi za enzi hizo zinapokea volti kati ya -10 na +10 kama amri ya kasi. Kuijaribu ni rahisi: fungua mkanda ili mota izunguke peke yake, iwashe draiva, halafu weka betri ndogo ya volti 1.5 kwenye ingizo la amri. Mota izunguke taratibu na kwa kasi ileile, geuza betri nayo igeuke. Ikitimka kwa kasi kubwa kata umeme haraka, huenda waya za takometa (kipima kasi cha mota) zimegeuzwa. Ikipita jaribio hili hiyo draiva ni yako.

Kwenye kompyuta natumia programu ya LinuxCNC, ni ya bure na inajua kusoma enkoda (kifaa kinachoonyesha mota imezunguka kiasi gani) na kufunga mzunguko wa servo yenyewe, yaani kulinganisha amri na mahali mota ilipo na kuirekebisha. Ukibakisha draiva za volti 10 chukua kadi ya Mesa 7i97T, inaunganishwa kwa waya wa Ethernet na ina ingizo za enkoda na matokeo ya analogi 6. Ukiweka mota za stepa au servo mpya zinazoamriwa kwa palsi (midundo ya umeme), 7i76E inatosha. Kabla ya kununua chochote endesha kipimo cha latensi (kuchelewa kuitikia) kwenye hiyo kompyuta huku ukifungua madirisha kibao, kompyuta yenye nguvu sana inaweza kufeli na ya kawaida ikafaulu.

Kitufe cha dharura, hapa sitaki mjadala: kikate umeme wa draiva kwa waya na kontakta (swichi kubwa ya umeme), kompyuta ipewe taarifa tu. Programu ikiganda mkono wako lazima bado usimamishe mashine. Na breki ya Z, mhimili wa juu na chini, ifunge umeme ukikatika, la sivyo kichwa kinashuka chenyewe.

Skeli ya enkoda, yaani hesabu ngapi kwa milimita moja, ni hesabu tu. Enkoda ya mistari 1000 inatoa hesabu 4000 kwa mzunguko, skrubu ya hatua 5 mm iliyofungwa moja kwa moja kwenye mota inakupa 800 kwa milimita, na kama kuna mkanda wa 2 kwa 1 (mota mizunguko 2, skrubu 1) unazidisha mara mbili, 1600. Mara ya kwanza kufunga mzunguko weka kikomo kidogo cha kosa la kufuata (tofauti ya mahali mhimili ulipoamriwa na ulipo), kama 1 mm, maana enkoda ikisoma kinyume na mota, mhimili unakimbia mpaka ugonge. Ikitokea geuza alama ya skeli (+ iwe -), usianze kuhamisha waya.

Kutuni, yaani kurekebisha namba za servo kwenye LinuxCNC: anza na P (nguvu ya kusahihisha kosa) huku FF1 (inayopeleka amri ya kasi moja kwa moja) ukiweka 1 kama skeli ya matokeo iko sahihi, tazama kosa kwenye halscope, dirisha la grafu la LinuxCNC, ongeza P mpaka mota ianze kulia halafu rudi nyuma. I na D, namba nyingine mbili za kusahihisha, baadaye, kidogo kidogo. Kelele za ajabu kwenye enkoda? Angalia shildi (ganda la waya la kuzuia kelele) kwanza, na nyaya za enkoda zisilale pamoja na za inveta ya spindo, kifaa kinachoendesha mota ya kisu.

Mwisho kata duara kwenye alumini na ulipime. Ukiona vinundu pale mhimili unapogeuza mwelekeo, kwenye zile sehemu nne za duara, rudi kwenye saa ya kupimia, bado kuna mlegeo au msuguano kwenye huo mhimili.