Jinsi ya kuanza Patapon na Okami kama umechoka na mpira

Vibanda vingi vya gemu hapa Mwanza, anzia Kirumba mpaka Igoma, ni mpira tu asubuhi hadi usiku, na mi naumia kweli kuona Patapon haichezwi maana ni gemu ya ngoma kabisa, mtu aliyewahi kuona bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, pale makumbusho ya Bujora ataishika haraka sana.

Ilitoka kwenye PSP, ile PlayStation ya mkononi, 2017 wakaisafisha ikaingia PS4. Unaongoza jeshi kwa ngoma nne, kila moja na kitufe chake kwenye padi: mraba ni pata, duara ni pon, pembetatu chaka, X ni don. Piga pata pata pata pon jeshi linasogea, pon pon pata pon linashambulia, chaka chaka pata pon linajikinga. Sasa hapa ndo wengi wanakwama, ukishapiga nne ACHA, waache wakuitikie mapigo manne ndo upige tena, ukiwahi mdundo unavunjika. Usiangalie vidole, sikiliza. Na tumia earphone za waya, za bluetooth sauti inachelewa utakosea tu hata kama una sikio zuri.

Okami ya PS2 (2006) sifa ilipata ila mauzo hafifu, na studio yake Clover ikafungwa 2007, inauma jamani. We ni mbwa mwitu mwenye brashi: shikilia kitufe cha R1, dunia inasimama, chora duara angani jua linatoka. Mwanzo wake ni maelezo marefu, vumilia, usizime.

Mwombe mwenye kibanda aziweke, siku za kazi mchana padi ziko wazi.