Jinsi ya kulinganisha takwimu za ulemavu za sensa mbili

Usianze na majedwali. Tafuta dodoso la kila sensa, usome swali kama karani alivyolisoma mlangoni, maana tofauti kubwa huzaliwa hapo.

Sensa za zamani ziliuliza kama nyumbani kuna mlemavu. Marekani ilianza 1830 kwa kuhesabu viziwi na vipofu. 1840 ikaongeza wagonjwa wa akili, na makosa ya kujaza fomu yakaipa baadhi ya miji ya kaskazini wagonjwa Weusi ilhali haikuwa na mkazi Mweusi hata mmoja. Swali la namna hiyo pia huficha watu: mkuu wa kaya huona haya kumtaja mtoto, na bibi asiyesikia husemwa ni uzee tu.

Kundi la Washington, lililoundwa 2001 chini ya Umoja wa Mataifa, lilikuja na maswali sita yasiyotaja neno ulemavu. Huulizwa ugumu wa kuona hata kwa miwani, kusikia hata kwa kifaa, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kumakinika, kuoga au kuvaa, na kuwasiliana. Majibu ni manne: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, hawezi kabisa. Karani akitanguliza "humu kuna mlemavu?" kisha akaruka yote sita, data imeharibika, na hakuna hesabu ya baadaye itakayoiokoa.

Kisha angalia mstari umekatwa wapi, yaani kuanzia jibu lipi mtu huhesabiwa kuwa na ulemavu. Kundi hilo hushauri kuanzia "ugumu mkubwa" katika jambo moja au zaidi. Brazil 2010 ilitangaza asilimia 23.9 kwa kujumlisha hata ugumu kiasi. Data ileile ilipokatwa upya kwenye ugumu mkubwa, ikabaki 6.7. Hakuna aliyepona.

Umri nao hupotosha. Kenya ilitoa asilimia 3.5 mwaka 2009, ikatoa 2.2 mwaka 2019 kwa wenye miaka 5 na zaidi, tena kwa maswali mapya. Tanzania 2022 ilihesabu kuanzia miaka 7. Kata umri sawa pande zote kabla ya kugawanya.

Ukipata data ghafi, piga hesabu upya kwa mstari mmoja. Maswali yakitofautiana, weka takwimu kwenye safu mbili na usichore grafu ya kuziunganisha. Andika pia kwamba maswali sita huwakosa wengi wenye matatizo ya afya ya akili.