Pima toni ya mchoro wako kwa simu

Mtu akikwambia mchoro wako una shida ya toni, anazungumzia kiasi cha mwanga na giza kwenye rangi, si aina ya rangi. Upige picha kwa simu, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani zinazopishana wazi machoni huweza kuwa kijivu kilekile, mfano ndege mwekundu akamezwa na majani ya kijani nyuma yake. Hapo usihangaike kutafuta rangi mpya: ongeza nyeupe kwenye majani, au mtie ndege giza. Rangi ya mafuta inayong'aa, kama ya Tingatinga, mtindo wa uchoraji wa Tanzania, ipige picha kivulini, la sivyo mng'ao utakudanganya. Na kama umekusudia rangi mbili za toni moja zionekane kama zinatetemeka zikigusana, kipimo hiki hakikufai.