Muvi za mapenzi za Krismasi: pozi hapo kwenye hela

Nyie mnaoangalia zile muvi za mapenzi za Krismasi za Marekani na mchumba wako, jaribuni hii, kila wakigusa hela bonyezeni pozi, muvi isimame, muulizane nani amelipia hapo. Stori mnaijua, wakili wa New York anaacha kazi Desemba anahamia mji mdogo kuokoa shamba la miti ya Krismasi la kina mpenzi wake, inapigwa sherehe usiku mmoja deni la benki limeisha. Sasa mti wa hivyo unakaa shambani kama miaka 7 ndo ufike urefu wa kuuzwa, miaka yote hiyo mtu anapalilia na kupogoa, na mauzo yenyewe yanakuja wiki chache tu za Novemba na Desemba, hilo deni halimalizwi na sherehe moja hata ijae vipi. Halafu huyo dada wakili, kule Marekani wafanyakazi wengi bima ya afya wanaipata kwa mwajiri, ukiacha kazi unaanza kutafuta ya kujilipia mwenyewe na ni ghali kweli, na mimi hili ndo linaniuma zaidi maana hawaligusi kabisa. Hata ile nyumba nzuri ya mawe ya kwenye The Holiday (2006) kule Surrey, Uingereza, ilijengwa kwa ajili ya muvi tu.

Na mkishapozi ongeleeni na yenu, nauli ya kwenda kwa wazazi, zawadi, ada ya Januari, nani anatoa nini, mwandike kwenye simu kabisa kabla hamjaendelea kuangalia.